Maji ya Motakaa na Chupa Yake

Mtu atazamaye motakaa ikipita huona magurudumu na mwendo wake. Ni nadra kuyakumbuka maji yaliyomo ndani. Lakini petroli iwakapo katika silinda za injini huleta joto kali mno, na joto hilo lisipoondolewa, chuma hutanuka, mafuta huungua, na injini hukwama. Kwa hiyo maji huzungushwa kandokando ya silinda ili yachukue joto, kisha hupita katika rejeta, yaani sanduku lenye vibomba vyembamba vingi, ambamo upepo huyapoza.

Motakaa ya Ford iitwayo Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hata 1927, kwa kawaida haikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Basi yalipanda yenyewe hata juu ya rejeta, na yalipopoa yakashuka. Njia hiyo ilitosha kwa injini ndogo. Lakini vijana wa California walizoea kuchukua magari hayo makuukuu na kuyatia injini ya Ford yenye silinda 8, iliyoanza kuuzwa mwaka 1932. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Injini hiyo ilikuwa na pampu mbili, lakini moshi wake wa moto ulipita ndani ya chuma chenyewe kabla ya kutoka nje, ukazidi kuyapasha maji. Rejeta ya gari dogo haikuweza kuyapoza.

Hata leo wako mafundi waungao magari ya namna hiyo. Hutafuta rejeta kubwa na feni yenye nguvu, wala si kazi ngumu. Jambo lisahauliwalo ni nafasi ya maji kutanuka. Lita 10 za maji baridi zikipata joto la kuchemka huongezeka karibu lita nusu. Zamani maji hayo yalimwagika njiani kwa kibomba kidogo, na mwenye gari alijaza tena. Sasa huingia katika chupa.

Kazi kubwa ni ya kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi iyazuiayo maji. Springi ya ratili 15 kwa kila inchi ya mraba huyafanya maji yasichemke mpaka digrii 121, badala ya 100. (Rejeta kuukuu haivumili nguvu hiyo, hupasuka.) Nguvu ya maji ikizidi, springi huinuka, na maji huenda chupani. Injini ikipoa, maji hunywea, na kilango kidogo cha pili hufunguka kwa ndani, rejeta ikavuta maji yake kama mtoto anyonyaye.

Lakini haiwezi kuvuta ikiwa mpira wa kutoka kifunikoni haufiki chini kabisa ya chupa, kwa maana itavuta hewa tupu. Vivyo hivyo kifuniko kisichoziba vizuri mdomo wa juu wa rejeta huingiza hewa badala ya maji. Chupa yenyewe yapasa kuwa na tundu la kupumulia. Tena, rejeta ikiwekwa chini kuliko injini ili gari lionekane fupi, hewa hukaa juu ndani ya injini, na chuma kisichoguswa na maji huungua. Hapo fundi huweka tangi dogo la kujazia mahali palipo juu kuliko pote.

Katika nchi za baridi maji huchanganywa na dawa ya kuzuia barafu. Dawa iliyo ya kawaida ni tamu, tena ni sumu. Mbwa huiramba wakafa. Kwa hiyo chupa huzuia pia isimwagike ardhini.

Kazi ikiisha, injini huwashwa hata ipate moto, kisha huachwa usiku kucha. Kifuniko hakifunguliwi ingali moto: nguvu ikitoka ghafula, maji huchemka papo hapo na kumrukia mtu usoni. Asubuhi fundi hutazama chupa. Maji yakiwa yamepungua, ni kwamba hewa imetoka na maji yameshika mahali pake. Basi huongeza hata alama, akaiwasha tena.