Kwa nini mionzi ya saratani huacha madhara hata baada ya tiba?

Mionzi inayotibu saratani ya mlango wa kizazi huharibu vinasaba vya seli za saratani ili zisizaliane tena. Lakini hugusa pia kibofu, utumbo na mishipa midogo ya damu iliyo jirani.

Seli zenye afya hujikarabati vizuri kuliko za saratani. Ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Ukikatisha tiba, saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Kuharisha na uchovu huanza mapema, na mara nyingi hupungua wiki chache baada ya tiba. Madhara ya mishipa ya damu huchelewa. Seli zilizotanda ndani ya mishipa hufa, kuta huwa nene, njia hubana na damu inayopita hupungua. Sehemu hiyo hubaki dhaifu na inaweza kuvuja damu miezi au hata miaka baadaye.

Ukiona damu kwenye mkojo au choo, si lazima saratani iwe imerudi, lakini usinyamaze. Nenda hospitali, umweleze daktari kwamba uliwahi kutibiwa kwa mionzi.