Mwisho wa Reli, Kipimo Kimekwama Wapi?

Mwaka jana nikiwa field kwenye kituo kimoja cha afya mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha mbali. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri kwa boti. Siku yake ya kupima wingi wa virusi ilikuwa imefika. Mtaalamu wa maabara akafungua kabati, akalifunga. "Mama yangu, samahani sana, vichupa vimeisha." Mashine kwenye maabara kubwa ilikuwa nzima, vitendanishi vipo, na nauli mama alishalipa. Kilichokosekana ni kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau, basi.

Sisi wa sayansi ya maabara tunafundishwa sana kupima, lakini kuhusu stoo tunasikia kidogo mno. Na kumbe mengi yanakwama huko huko stoo.

Kwanza, kwa nini kipimo hiki ni muhimu? Anayetumia ARV hupimwa wingi wa virusi miezi 6 baada ya kuanza dawa, na baadaye, akiwa anaendelea vizuri, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Virusi vikizidi nakala 1,000 kwa mililita moja ya damu, kuna tatizo: ama dawa hazimezwi ipasavyo, ama virusi vimekuwa sugu. Bila kipimo, daktari anabahatisha. Kwa watoto wachanga hali ni nzito zaidi. Mtoto aliyezaliwa na VVU asipotibiwa, uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka 2 ni karibu nusu kwa nusu. Ndiyo maana hupimwa mapema, akiwa na wiki 4 hadi 6, kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu.

Sasa, vifaa vya maabara si kama dawa. Mgonjwa akipewa kopo lake la vidonge, kazi imeisha. Kipimo kimoja kinataka kichupa, sindano, glovu, vitendanishi, sampuli za kuhakiki mashine, umeme, na mtu wa kusafirisha. Kikikosekana kimoja, vingine vyote vinakaa bure huku tarehe ya kuisha muda inakaribia. Halafu mashine nyingi zinakubali vitendanishi vya kampuni yake tu. Ukiletewa vya mashine nyingine, umeletewa mzigo wa kupamba stoo.

Ongeza jiografia yetu. Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu 1914 treni inafika hapa, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Bohari ya Dawa, MSD tunayoifahamu, kwa miaka mingi iliihudumia Kigoma kupitia kanda yake ya Tabora. Mzigo ukishafika mjini, safari haijaisha. Vijiji kama Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, vimezoea boti. Ziwa likichafuka, boti hazitoki. Sampuli nazo zina saa yake: damu nzima ya kipimo hiki inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi inavumilia zaidi, ndiyo maana inafaa sana kwa mwambao.

Wavuvi wa dagaa nao wana kalenda yao. Wanavua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Mhudumu mmoja aliniambia siku hizo ndizo kliniki hujaa. Wakihamia kambi nyingine, na mahitaji yanahama nao. Asiyejua hili atagawa vifaa sawasawa kila mahali, halafu ashangae.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wetu tunapata sup. Kituo huagiza kwa kuangalia mambo matatu: salio lililopo, kilichotumika, na kilichopotea au kuharibika. Chukua mfano: kituo kimetumia vipimo 60 ndani ya miezi 2. Ukigawa, unapata 30 kwa mwezi. Lakini kama mwezi mmoja mzima stoo ilikuwa tupu, matumizi halisi ni 60 kwa mwezi. Ukitakiwa kuwa na akiba ya miezi 4 na salio ni sifuri, agiza 240. Ukiagiza 120, umejitengenezea uhaba mwingine kwa kalamu yako mwenyewe. Ni kama boom: mwezi uliolala njaa kwa sababu halijaingia, huwezi kusema mwezi ule hukuhitaji kula.

Tusisahau pesa zinatoka wapi. Sehemu kubwa ya vifaa hivi imelipiwa na wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza 2003. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi mnyororo mzima unavyoweza kutikiswa na sahihi moja ya mbali. Wakati kama huo, leja iliyojazwa vizuri ndiyo inayoonyesha kituo kipi kina ziada na kipi kinahitaji kusaidiwa leo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoenda field: kabla ya kukimbilia mashine, ombeni kuona kadi za stoo. Hesabuni vichupa. Linganisheni na kilichoandikwa. Msipoelewa, ulizeni kaka na dada waliopo pale, watawaelekeza.

Yule mama aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Field yangu iliisha kabla ya siku hiyo, na sijui kama alipata nauli ya pili.