Jinsi Ngome ya Carcassonne Ilivyookoka

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini, uko mji uitwao Carcassonne. Juu ya kilima, karibu na mto Aude, imesimama ngome kubwa ya kale. Imezungushiwa kuta mbili, ukuta wa ndani na ukuta wa nje, na urefu wa kuta hizo pamoja ni kilometa tatu hivi. Minara yake ni 52. Mtu aitazamapo kwa mbali hudhani kwamba imekuwa hivyo sikuzote, wala haikupatwa na neno. Lakini sivyo. Ngome hii ilikwisha kuhukumiwa kuvunjwa, ikaokolewa na watu ambao silaha zao zilikuwa vitabu na kalamu.

Kwanza yatupasa kujua asili yake. Warumi walizungusha ukuta juu ya kilima kile, yapata miaka 1,700 iliyopita. Baada yao wakaja watawala wengine. Mwaka 1209 ngome ilitekwa vitani, na baadaye ikawa mali ya wafalme wa Ufaransa. Wafalme hao wakajenga ukuta wa nje, wakautia nguvu ule wa ndani, wakaweka na lango kubwa lenye minara miwili. Siku zile mpaka ulikuwa karibu, na ngome ilikuwa kama mlinzi asimamaye mlangoni. Mwaka 1355 mwana wa mfalme wa Uingereza alifika na jeshi lake, akauteketeza mji wa chini. Lakini ngome ya juu hakuiweza.

Hata mwaka 1659 wafalme wa Ufaransa na Hispania wakapatana, na mpaka ukasogezwa mbali zaidi upande wa kusini. Basi ngome ikawa haina kazi tena, na kitu kisicho na kazi hakina mwangalizi. Wenye mali wakakaa mji wa chini, na maskini wakajenga vibanda vyao katikati ya kuta mbili. Mtu akitaka jiwe la kujengea nyumba, alikwenda kulichukua ukutani. Tusiwahukumu upesi watu wale. Hawakufanya kwa uovu, ila hawakuona pale kitu kingine isipokuwa mawe. Tena mwaka 1849 serikali yenyewe ikatoa amri kwamba kuta zivunjwe.

Wakati ule palikuwa na mwenyeji mmoja wa Carcassonne, jina lake Jean-Pierre Cros-Mayrevieille. Huyu alipenda sana kuchunguza mambo ya kale ya mji wake. Alisoma hati kuukuu, akaandika kitabu cha historia ya nchi ile. Katika kanisa lililomo ngomeni alivumbua kaburi la askofu wa zamani, lililokuwa limefunikwa na udongo. Amri ya kuvunja ilipotoka, yeye na wenzake wenye elimu hawakukaa kitako wakilia. Walipeleka hoja zao kwa wakubwa. Akawaunga mkono Prosper Mérimée, mwandishi mashuhuri, ambaye serikali ilikuwa imemweka kuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Mwaka 1850 amri ile ikatanguliwa.

Tazameni hapo nguvu ya elimu. Kama wangalisema tu, “Ngome yetu ni nzuri, msiivunje,” nani angaliwasikiliza? Lakini waliweza kuonyesha: sehemu hii ni kazi ya Warumi, na hii ni kazi ya wafalme, na mtu akizunguka kuta hizi ataona jinsi watu walivyojilinda kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Maneno kama hayo hupatikana kwa kuchunguza tu.

Mwaka 1853 kazi ya kutengeneza kuta ilianza, mikononi mwa Eugène Viollet-le-Duc, mjuzi wa majenzi. Kabla ya kuweka jiwe juu ya jiwe, alikuwa amezipima kuta na kuzichora. Maana ukuta una maandishi yake kwa mtu ajuaye kuusoma. Warumi walijenga kwa mawe madogo, na katikati wakapitisha mistari ya matofali mekundu. Mafundi wa wafalme walitumia mawe makubwa yaliyochongwa. Tena juu ya kuta yalikuwako matundu yaliyopangwa safu safu. Mtu asiyejua angalidhani ni viota vya ndege. Yeye alitambua kuwa matundu yale yalishika boriti za baraza za mbao, ambapo askari walisimama na kuwaangushia mawe adui waliofika chini ya ukuta. Kama fundi mjinga angaliyaziba kwa chokaa, habari ile ingalipotea kabisa.

Walakini mwenye elimu naye hukosea. Viollet-le-Duc aliifunika minara mingi kwa mapaa yaliyochongoka, ya mawe meusi membamba, ya namna ile ya sleti walizoandikia watoto wa shule zamani. Wengine wakamlaumu, wakisema kwamba mapaa kama hayo ni ya nchi za kaskazini, na kwamba watu wa kusini huezeka kwa vigae vya udongo. Yeye alifariki mwaka 1879. Katika karne ya 20 baadhi ya minara ya Kirumi iliondolewa mapaa yale, ikaezekwa vigae, na paa likalazwa. Basi uchunguzi hauokoi majengo tu, bali hurekebisha pia makosa ya waokoaji wenyewe.

Mwaka 1997 ngome ya Carcassonne iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wengi mno huenda kuitazama, na wajukuu wa wale waliochukua mawe yake hupata riziki kwayo.

Wazee wetu husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Urithi wa kale ni mali, na daftari lake ni kazi ya wachunguzi. Siku utakapopita penye ukuta mkuukuu, usiwe na haraka ya kung'oa jiwe. Uliza kwanza ni nani aliyeliweka pale, na kwa sababu gani. Kisha uliyoyasikia uyaandike.