Insulini Katika Nchi ya Theluji

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, aliyehamia Kanada pamoja na jamaa zake, ametuletea swali ambalo hatukupata kuulizwa chuoni tangu tulipoanza kusomesha. Kijana huyu ana maradhi ya sukari, na kila siku hujidunga sindano za insulini. Siku moja ya baridi kali alitoka na wenzake kwa pikipiki za theluji, na dawa yake akaitia katika kisanduku cha nyuma. Walipofika aliikuta imeganda. Baadaye ilipoyeyuka, akaiona safi kama maji ya mvua. Basi atuuliza: Dawa hii ni ya thamani kubwa, nikiitupa, je, sitakuwa nimefanya israfu?

Wengi wetu huku pwani hatujaiona pikipiki hiyo. Haina magurudumu, mbele ina mbao mbili za kutelezea, na nyuma ina mkanda mpana uzungushwao na injini. Asili yake imechanganyika na msiba. Mwaka 1934, katika jimbo la Quebec, fundi aitwaye Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo, kwa kuwa theluji ilikuwa imezifunga njia na hospitali haikufikika. Akazidi kujitahidi kuunda chombo cha kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa pikipiki ndogo ya namna hii.

Insulini nayo ilianzia katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliitoa katika kongosho za wanyama, na Januari 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza mvulana wa miaka 14 aliyekuwa hali mahututi, naye akapata nafuu. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tamaa ya kuishi miaka mingi.

Wala mtu asidhani kuwa Waislamu hawafiki katika baridi hiyo. Mji wa Inuvik, ulio mbali kabisa kaskazini ya Kanada, una msikiti tangu mwaka 2010. Msikiti huo ulijengwa Winnipeg, kisha ukachukuliwa kwa lori na tishari maelfu ya kilomita hadi hapo ulipo. Kwa hivyo swali la kijana huyu si la mtu mmoja.

Tuanze na maneno ya matabibu. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa mahali penye baridi ya digri 2 hadi 8. Ikishaganda, chembe zake hushikamana na nguvu yake hupungua au huondoka, wala kuyeyuka hakuirudishi. Jicho haliwezi kuijua: pengine huonyesha vipande vipande, na pengine hubaki safi kabisa. Ajidungaye dawa hiyo hudhani amejitibu, kumbe sukari yapanda na damu yake yaingia sumu. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza aweza kufa kwa hilo katika muda mfupi.

Basi jawabu letu ni hili: itupe, wala si israfu. Israfu ni kukipoteza kitu chenye manufaa, na dawa hiyo manufaa yake yamekwisha. Hasara ilitokea pale ilipoachwa katika kisanduku. Hapo ndipo pa kujilaumu kidogo na kujifunza sana.

Na la kujifunza ni jepesi. Insulini ichukuliwe kifuani, katika mfuko wa ndani baina ya shati na sweta, ipate joto la mwili. Isitiwe mfuko wa nje wa koti, wala kisanduku cha pikipiki, wala mzigo wa nyuma, maana upepo wa mwendo huipokonya chupa joto lake upesi. Wala isiwekwe karibu na injini, au kugusana na vile vifuko vya kupashia mikono, kwa kuwa joto nalo huiharibu. Usiku wa kambini alale nayo ndani ya mfuko wake wa kulalia. Akiba nyingine aichukue mwenziwe kifuani mwake. Sindano isiachwe juu ya kalamu ya insulini baada ya kutumika. Na atumiaye pampu aufiche mpira wake wote chini ya nguo.

Mashine ya kupimia sukari nayo ikae kifuani, maana ikipoa sana hukataa kufanya kazi au hutoa hesabu isiyo sahihi. Hili ni jambo kubwa. Mtu aliyeshuka sukari hutetemeka na kuchanganyikiwa, na aliyeshikwa na baridi hali kadhalika. Asiweze mtu kuzitenga hali hizi kwa kukisia: apime kila wasimamapo; na asipoweza kupima, ale kitu kitamu mara moja. Tende au vidonge vya sukari vikiwa mfukoni mwa ndani havitakuwa vigumu kama mawe. Miguu pia itazamwe, kwa kuwa maradhi haya huua hisia za vidole, na theluji huvichoma mwenyewe asijue. Wala asitoke peke yake, na wenziwe wajue maradhi yake. Kuficha ugonjwa kwa kuona haya si ushujaa.

Vijana wengine huona kuwa hadhari nyingi ni upungufu wa tawakkul. Tuwakumbushe habari ya Amr bin al-As (R.A.) katika safari ya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra. Aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuwa akioga ataangamia, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoambiwa, akamwuliza, naye akataja kuwa Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujiua. Bwana Mtume akacheka, wala hakumkemea. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, imewekewa ruhusa kwa ajili ya baridi, vipi kijana aone taabu kuhamisha chupa ndogo kutoka kisandukuni hadi kifuani?

Sisi huku twaificha insulini katika chungu chenye ubaridi wa maji, isiuawe na joto. Wao huko waifiche kifuani, isiuawe na baridi. Mwili ni amana moja, na Mwenye kuitoa atauliza habari zake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awarudishe wasafiri wetu salama. Amin.