Mmea Ulioota Juu ya Mwembe: Kirukia au Okidi?

Katika Pwani ya Kenya, na hata bara kwenye nchi ya joto, mwenye nyumba aweza kutazama juu ya mwembe wake siku moja akaona kichaka kigeni kimekaa penye panda ya matawi. Hakukipanda yeye, wala hakumwona aliyekipanda. Jirani akipita humwambia, "Hicho ni kirukia, kikate upesi, kitaua mti wako." Panga huletwa, na mmea hutupwa pamoja na takataka. Pengine jirani alisema kweli. Lakini mara nyingine kilichotupwa ni okidi, mmea wa asili wa nchi hii uliochukua miaka mingi kufikia ukubwa ule, na mwembe haukupata faida yo yote.

Njia ya kuzitenga mbili hizi si ngumu, nayo huanzia mizizini. Kirukia huletwa na ndege. Ndege hula tunda lake, na mbegu yenye ulimbo hunata juu ya tawi. Ikiota hutoboa gome, ikaingia ndani na kunywa maji ya mti wenyewe. Mahali hapo tawi huvimba, na sehemu iliyo mbele yake hudhoofika, pengine hukauka kabisa. Okidi haifanyi hivyo. Mizizi yake hushika gome kwa nje tu, kama mkono ushikavyo kamba. Ni myeupe, nayo imefunikwa kwa ngozi iliyo kama sifongo, ifyonzayo maji ya mvua. Ikilowa huonyesha rangi ya kijani. Mtu akiinua mzizi mmoja kwa ukucha, ataona gome la chini yake ni zima, halina tundu wala kidonda. Mti kwake ni mahali pa kukaa, si chakula.

Okidi moja kubwa ya namna hii ni ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Jina hilo ni ukumbusho wa John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po, kiitwacho sasa Bioko, alipokuwa katika safari ya mto Niger ya mwaka 1841. Mashina yake husimama pamoja kama shada la miwa midogo yenye pingili, na majani huwa karibu na ncha. Mizizi mingine hushika gome, na mingine, iliyo myembamba na kuchongoka, husimama kuelekea juu kama sindano. Mtu aweza kudhani ni miiba. Kumbe ni kikapu. Majani makavu yaangukayo kutoka juu hunaswa humo pamoja na vumbi, huoza, na hiyo ndiyo samadi ya mmea.

Maua yake ni ya manjano, yenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui. Mimea mingine ina madoa machache, na mingine madoa yamejaa hata manjano karibu haionekani. Zamani wataalamu walidhani ni aina mbalimbali wakazipa majina mengi, lakini sasa zote huhesabiwa kuwa ni moja.

Ua la okidi kwa kawaida lina sehemu sita, tatu za nje na tatu za ndani. Moja ya zile za ndani haifanani na wenzake. Huwa pana zaidi, au ina rangi nyingine, nayo huitwa mdomo. Katikati, sehemu ya kiume na ya kike zimeungana kuwa kiguzo kimoja, na chavua si unga bali imeshikamana katika vidonge vidogo. Alama hizo zafaa pia kwa okidi ziotazo ardhini, kama zile za jamii ya Eulophia, ambazo ni rahisi kulimwa kwa jembe kama magugu.

Tunda moja huwa na mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula. Porini mbegu haikui mpaka ikutane na kuvu ya kuilisha, na zilizo nyingi hupotea bure. Kwa hiyo mmea uliokatwa haurudi upesi. Biashara ya kung'oa okidi porini imeleta hasara kubwa, na kwa sababu hiyo okidi za porini zimo katika orodha za mkataba wa mataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao Kenya nayo ni mwanachama. Hazivushwi mpaka kwa biashara bila kibali.

Mtu atakaye kujua jina kwa hakika asiung'oe mmea. Apige picha za ua kutoka mbele na ubavuni, maana okidi nyingine zina mkia wa nekta nyuma ya ua, na urefu wake hutenga aina na aina. Kisha picha ya mmea mzima pamoja na mizizi. Aandike mahali, mti uliobeba mmea, na rangi ya ua likiwa bichi, kwa kuwa likikauka rangi hubadilika. Wataalamu wa kuulizwa wako katika Hifadhi ya Mimea ya Afrika ya Mashariki, Makumbusho ya Taifa, Nairobi; hifadhi hiyo ilianza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950. Na kama maua yamekwisha kunyauka, hana budi kungoja mpaka yatoke tena, maana majani peke yake huwapoteza hata wataalamu.