Vyuo Vikuu Vipimwe kwa Mtoto wa Matiliku

Kila mwaka orodha za vyuo vikuu bora duniani zinapotolewa, vyuo vyetu huanza kupimana ubavu. Kilichopanda hatua mbili tatu hujipongeza hadharani. Kilichoshuka hunyamaza, au hudai kuwa vigezo havikukitendea haki. Katika kelele hizo zote husikii likitajwa swali ambalo mzazi wa Matiliku, kule Nzaui katika Kaunti ya Makueni, angeliuliza kabla ya mengine yote: mwanangu ataingia? Akiingia, atamaliza? Na akimaliza, je, atainuka kutoka pale alipozaliwa?

Sisemi kwamba orodha hizo ni za upuuzi. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka wa 2003, huhesabu tuzo za Nobel na makala yaliyochapishwa katika majarida ya Nature na Science, na taifa linalodharau utafiti hujidharau lenyewe. Ila mizani ya sonara haipimi gunia la mahindi. Chuo kinachowapokea watoto wa mawakili na makatibu wa wizara, waliokwisha kunolewa katika shule za kitaifa, kisha kikawatoa wakiwa nao ni mawakili na makatibu wa wizara, kimefanya kazi, naam, lakini kazi nyepesi.

Hebu tumchukue, kwa mfano tu, msichana wa shule ya kutwa katika vijiji vilivyo karibu na kilima cha Nzaui. Kwao hutegemea mvua za vuli. Zisiponyesha, ndengu na mbaazi hukauka shambani, na karo ya muhula hugeuka kuwa suala la mbuzi yupi apelekwe sokoni. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2024 walikuwepo watahiniwa 962,512, na waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kizingiti cha chuo kikuu, walikuwa 246,391 pekee, yaani takriban mmoja kati ya wanne. Msichana wetu akiipata C+ hiyo, ameipata bila maabara ya maana na pengine kwa mwanga wa koroboi. Ya mwenzake wa shule yenye kila kitu huandikwa kwa herufi ile ile.

Tangu hapo safari yake hutegemea sera iliyopo mwaka huo, na sera zetu hazijatulia. Kulikuwa na enzi serikali ilipomlipia mwanafunzi wa chuo karibu kila kitu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi wakaambiwa wachangie. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanaojilipia, na hapo ikawezekana mtoto mwenye alama za chini kidogo, lakini mwenye baba wa mfuko mzito, kusomea kozi iliyomponyoka mwenye alama za juu zaidi. Vyuo vilipata fedha. Ukambani ulipata nini, hakuna aliyehesabu.

Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili, ambao baadaye uliwagawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Aliye katika kundi la kwanza familia yake hutakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama, na aliye katika la tano asilimia 40. Malalamiko yalizagaa mwaka wa 2024 kwamba watoto wa maskini walikuwa wametupwa katika makundi ya wenye nacho. Mwezi wa Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo.

Mjadala wa mahakamani una wenyewe. Kilichonivutia mimi ni kitu kingine. Ili kumweka mwanafunzi katika kundi, serikali humuuliza maswali mengi kuhusu wazazi wake, kipato chao na shule alizosomea. Maana yake ni kwamba leo serikali inajua, au inadai kujua, ni mwanafunzi yupi ametoka katika nyumba maskini. KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, wanajua alipelekwa chuo gani na kozi gani. Chuo kinajua kama alihitimu au alitoweka mwaka wa pili kwa kukosa karo. Na HELB, ambayo hudai mkopo wake kwa kukata mshahara kupitia kwa mwajiri, inajua ni nani amepata kazi ya kuajiriwa na ilimchukua miaka mingapi. Majibu ya yule mzazi wa Matiliku yamo tayari serikalini, yametawanyika katika kabati nne. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifungua kwa pamoja, akafuta majina ya watu, akatoa hesabu ya kila chuo.

Wenzetu wamekwisha kulifanya. Nchini Marekani, mwaka wa 2017, mwanauchumi Raj Chetty na wenzake waliunganisha rekodi za kodi na za vyuo kwa wanafunzi zaidi ya milioni 30. Walikuta vyuo 38, vitano vikiwa miongoni mwa vile vinane mashuhuri vya Ivy League, vyenye wanafunzi wengi zaidi kutoka asilimia 1 ya matajiri wakubwa kuliko kutoka asilimia 60 ya chini. Chuo kilichoongoza katika kuwapandisha watoto kutoka tabaka la chini kabisa hadi la juu kilikuwa cha umma, cha jimbo la California pale Los Angeles, ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia. Mwaka wa 2025 taasisi ya Carnegie nayo ilianza kuviainisha vyuo kwa kuangalia kama wanafunzi wake wanafanana na watu wa eneo kinalolihudumia.

Kigezo hicho cha mwisho kingefaa sana Ukambani. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, SEKU, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, hakikuota kutoka Nairobi. Mizizi yake ni ile taasisi ya kilimo, UKAI, iliyotokana na harambee ya wenyeji wa Ukambani wakati wa Mzee Mulu Mutisya. Serikali iliifanya chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2008, na hati ya kujitegemea ikapatikana mwaka wa 2013. Waliochanga wana haki ya kujua ni wajukuu wangapi wa wachangaji hao wameingia, na wangapi wametoka na shahada mkononi.

Kuna la kutahadhari. Mshahara si kipimo kamili cha kuinuka. Mwalimu aliyerudi Matiliku kufundisha hisabati hulipwa kidogo kuliko mwenzake aliye benki Nairobi, na huenda ndiye aliyewasomesha wadogo zake wanne. Wapo pia wahitimu wanaoendesha bodaboda huku wakingoja kuajiriwa na TSC. Hao HELB haiwaoni kwenye orodha ya mishahara, na kutoonekana kwao ni habari tosha kuhusu kozi walizouziwa. Hesabu itakayotolewa iwaeleze wote hao, si wenye vyeo peke yao.

Na isifungiwe katika ripoti ya kurasa mia tatu. Kila mwaka matokeo yakishatoka, vijana wa Matiliku huenda kwenye saiba, wakalipa, wakasaidiwa kuchagua kozi katika tovuti ya KUCCPS. Mbele yao huonyeshwa jina la kozi, jina la chuo na alama zilizohitajika mwaka uliopita. Safu tatu zingeongezwa hapo bila gharama kubwa: wangapi kati ya mia kutoka familia maskini waliingia kozi hii, wangapi walihitimu, na wangapi walikuwa wameajiriwa baada ya miaka mitano. Binti angezisoma, akampigia mama yake simu kabla ya kubonyeza.