Kishikwambi au kitabu? Hesabu kwanza mikono

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa 3 usiku. Shule anayosoma mpwa wangu ilikuwa inapendekeza kwamba kuanzia Januari wanafunzi wa darasa la nne waachane na vitabu vya karatasi, na kila mzazi amnunulie mwanawe kishikwambi. Zilitajwa sababu tatu. Ya mwisho ilikuwa na kipicha cha mti: tutunze mazingira.

Dada yangu alinirushia ujumbe huo hata kabla hajaumaliza. “Mdogo wangu, wewe si ndiye unayeandika mambo haya? Ni kweli au wanataka hela yangu?”

Ana watoto watatu. Nilimwambia nitamjibu Jumamosi, nikaanza kusoma.

Hesabu inayotajwa sana ni ya mwaka 2009, ya kampuni ya utafiti ya Marekani iitwayo Cleantech Group. Ilikadiria kwamba Kindle moja, tangu kutengenezwa hadi kutupwa, inazalisha kilo 168 za hewa ukaa. Kitabu kimoja cha karatasi, kwa wastani, kilo 7.46. Ukigawanya unapata 22.5. Kwa maneno mengine, mwenye Kindle anaanza kuyapunguzia mazingira mzigo akifika kitabu cha 23, tena kwa sharti kwamba hivyo vyote angevinunua vipya.

Mwaka uliofuata Daniel Goleman na Gregory Norris waliandika katika New York Times na kuweka kiwango juu zaidi: vitabu 40 hadi 50 ukiangalia nishati, maji na madini, na vitabu 100 ukiangalia ongezeko la joto duniani. Kwa madhara ya afya ya binadamu, walisema, jibu liko katikati ya hapo.

Hizo ni namba za Marekani, na vifaa vimebadilika tangu wakati huo. Lakini zinatosha kuonyesha mzigo umelala upande gani. Pia kitabu cha darasa la nne, chembamba na chenye jalada laini, hakina karatasi nyingi kama riwaya nene ya Marekani. Kwa hiyo mwanafunzi wetu atahitaji vitabu vingi zaidi ya 23 kabla kishikwambi chake hakijaanza kulipa deni.

Wazazi wengi niliozungumza nao walidhani tatizo la kishikwambi ni umeme wa kuchaji. Umeme huo ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya mzigo huja kabla hujafungua boksi: uchimbaji wa madini na kazi ya kiwandani. Kobalti inayotumika katika betri nyingi hutoka kwa majirani zetu wa Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, umezungukwa na migodi hiyo. Mwaka 2014 Unicef ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi hiyo, mingi ikiwa ya kobalti. Wengine walikuwa na umri wa mpwa wangu.

Karatasi nayo si malaika. Inakula miti, maji mengi na dawa za kuifanya iwe nyeupe, kisha inasafirishwa kwa malori na meli. Ila mti wa karatasi mara nyingi ni wa kupandwa na kuvunwa kama zao, mfano misonobari ya Sao Hill kule Mufindi inayolisha kiwanda cha Mgololo. Kile kipicha cha mti kwenye ujumbe wa shule kilieleza nusu ya habari.

<b>Juu ya kabati</b>

Jumamosi nilipofika kwa dada nilimwomba anionyeshe vifaa vyote vya zamani vilivyomo ndani. Alicheka, akapanda kwenye stuli. Juu ya kabati kulikuwa na kishikwambi kilichopasuka kioo, simu mbili zilizokufa, chaja zisizo na mwenyewe, na betri ya simu iliyovimba kama andazi. Mdogo wao wa miaka mitatu aliinyooshea mkono papo hapo.

Hapa ndipo suala la mazingira linapogeuka kuwa la afya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine nyingi huishia dampo, au kwa vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Moshi na vumbi lake hubeba sumu, ikiwamo madini ya risasi yaliyomo katika vifaa vya zamani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na kinachoumia zaidi ni ubongo.

Mfano ambao sijausahau ni wa Agbogbloshie, eneo la Accra nchini Ghana lililokuwa maarufu kwa kazi hiyo. Watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula pale. Mtu mzima aliyekula yai moja tu alipata dioksini mara 220 ya kiwango ambacho mamlaka ya Ulaya inakiona kinavumilika kwa siku. Ni yai moja, na nyumbani tunampa mtoto yai tukiamini tunamjenga.

Kwa betri iliyovimba, usiitoboe na usiichaji tena. Tuliiweka kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, uani, mbali na jua, jiko na watoto. Usiitupe na takataka za kawaida. Wapo wakusanyaji wa taka za aina hii wenye vibali, ulizia aliye karibu nawe.

<b>Hesabu ya dada</b>

Kisha tukakaa na daftari. Kwenye rafu yake kuna nakala ya Adili na Nduguze aliyoisoma mama yetu, kisha dada, kisha mimi, na sasa iko kwa mpwa wangu ikiwa imeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi. Mzigo wa kitabu hicho umegawanywa kwa watu wanne. Hakuna kifaa chenye betri kitakachofika huko.

Vitabu vya kiada ni kesi nyingine. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 ulifanya vitabu vingi vya kurithishana visifae tena, na dada alishafungia maandazi kurasa kadhaa. Kwa vitabu vinavyobadilika, skrini ina hoja, hasa skrini ambayo tayari unayo. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na vinasomeka kwenye simu hiihii unayosomea makala haya. Hewa ukaa ya kuitengeneza ilishatoka. Kibaya zaidi ya yote ni ule mtindo wetu wa kupokea PDF kisha kukimbilia steshenari kuchapa upande mmoja wa karatasi.

Serikali yenyewe ilionyesha njia: baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vya makarani viligawiwa kwa walimu.

Dada hakununua kipya. Kile cha juu ya kabati alikipeleka Kariakoo kwa fundi, kikabadilishwa kioo, na watoto wote watatu watakitumia kwa zamu. Ameiandikia shule kuuliza kama kitakubalika. Hadi naandika haya ujumbe wake una tiki mbili za bluu, jibu bado.